Mzigo wa Mwanafunzi: Funzo la Njia ya Ziwa Mweru

Kabla ya mwaka wa masomo kuanza tulipokea barua kutoka Mununga, mji ulioko ufukoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini ya Nchelenge, nchini Zambia. Mwandishi wake ni kijana ambaye mjomba wake ni rafiki yetu wa siku nyingi. Aliiandika kwa Kiswahili alichojifunza kwa wachuuzi wa samaki wavukao ziwa kutoka upande wa Kongo. "Shikamoo Mwalimu," alianza, "nimepata nafasi ya chuo huko Dar es Salaam. Katika ukoo wetu hajatokea mtu aliyekwenda kusoma nje ya nchi. Naomba unijulishe, nifunge nini?" Chini ya swali hilo aliweka orodha: blanketi mbili, sufuria, ndoo, viatu vya ngozi, vyeti vya shule, debe la unga wa muhogo, na mfuko wa chisense, wale dagaa wakavu wa Mweru.

Ndugu walimu, hapana hata mmoja miongoni mwetu ambaye hajaulizwa swali kama hilo. Kila mwaka wanafunzi wetu huondoka: wengine kwenda mikoa ya mbali, wengine nchi jirani, wengine ng'ambo ya bahari. Nasi huwajibu upesi upesi, tukiongeza sweta hapa na sabuni pale. Lakini barua hii ilitushika mkono. Kijana huyu alikuwa akituandikia kutoka katika njia ambayo habari zake tumezisoma kwa miaka mingi, njia ambayo watu walijua kufunga mizigo kuliko sisi sote. Tukaona si haki kumjibu kwa sabuni na sweta pasipo kwanza kuitazama historia ya njia yake mwenyewe.

Tuanze na uzito. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo na pwani nyingine, ikapita Unyanyembe, ikafika mpaka kwa Mwata Kazembe, kusini ya Mweru. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, au karibu kilo 32. Ndani ya mitumba mlikuwa na merikani na kaniki. Mifuko ilichukua shanga za rangi mbalimbali, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na shanga iliyoipenda na nyingine iliyoikataa. Nyaya za shaba na za shaba nyeupe zilizungushwa zikatundikwa kwenye ncha mbili za mzega. Aliyekosea kufunga alilipa njiani. Mtumba uliolegea ulimchubua mchukuzi bega, na shanga isiyotakiwa haikununua hata kibaba cha mtama.

Ajabu ni kwamba kipimo hicho hakijatuacha. Leo mashirika mengi ya ndege hayapokei sanduku moja lenye uzito uzidio kilo 32, kwa ajili ya kuhifadhi migongo ya wapakizi, na abiria wa kawaida huruhusiwa sanduku la kilo 23 tu. Mwanafunzi asimamaye mbele ya mizani ya kiwanja cha ndege, akitoa kitabu na kurudisha kiatu, hapewi ruhusa hata ya mzigo wa mpagazi mmoja. Basi tangu zamani hata sasa, kufunga mzigo ni kuchagua, na mtu huchagua kwa kadiri ya akili aliyopewa na waliomtangulia.

Je, wanafunzi wenyewe walianza lini kupita njia hii ya Mweru? Walianza mapema kuliko wengi wetu tudhanivyo, nao walikuja wakitoka ng'ambo, si wakienda. Mwaka 1861, katika bonde la mto Shire, watoto kadhaa walitolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Miongoni mwao walikuwa Chuma na Wekatani. Mwaka 1864 David Livingstone aliwachukua katika chombo chake kidogo, Lady Nyassa, kilichojengwa kwa ajili ya maziwa wala si kwa ajili ya bahari kuu. Wakatoka Unguja mwisho wa Aprili, wakafika Bombay katikati ya Juni. Hapo watoto hao wawili waliachwa katika shule ya misheni ya Dakta John Wilson, wasome.

Hawakuwa peke yao. Katika nchi hiyo hiyo ya India, karibu na mji wa Nasik, kulikuwa na shule nyingine ya misheni iliyolea Waafrika waliookolewa baharini kutoka katika majahazi ya watumwa. Walifundishwa kusoma na kuandika Kiingereza, pamoja na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Hao nao walikuwa wanafunzi wa ng'ambo, lakini safari yao haikuwa na mama wa kuwafungia mzigo wala baba wa kuwasindikiza. Walikwenda mikono mitupu.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika ya Mashariki. Alikuwa na Chuma, aliyekwisha kubatizwa jina la James, na Wekatani, na Susi wa Shupanga, na wanafunzi tisa wa Nasik. Walishuka pwani karibu na mto Ruvuma. Kabla mwaka haujaisha, upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, Wekatani alisema kwamba amekuta jamaa zake, akabaki huko. Chuma aliendelea. Hatuwezi kumlaumu yule wala kumsifu huyu kupita kiasi. Kila mwanafunzi arudiye kutoka ugenini hufika siku moja kwenye njia panda hiyo: kubaki kwa jamaa au kuendelea na safari.

Tarehe 8 Novemba 1867 msafara ulifika Ziwa Mweru upande wa kaskazini. Kisha wakateremka upande wa mashariki, wakavuka mto Kalungwishi, na kabla ya mwisho wa mwezi huo walikuwa kwa Kazembe. Huko walimkuta mfanya biashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amekaa katika nchi hiyo miaka mingi. Basi ufuko huo ambao leo wavuvi wa Mununga huanika chisense ulikuwa umekwisha kuona, zaidi ya miaka 150 iliyopita, vijana wa Kiafrika waliosoma ng'ambo, wakisema Kiswahili na Kiingereza, wakipita na mizigo mabegani.

Lakini funzo kubwa la vijana hao halikuonekana Mweru. Lilionekana miaka mitano na nusu baadaye, kusini ya Ziwa Bangweulu, katika kijiji cha Chitambo. Wakati huo wanafunzi wengine wa Nasik walikuwa wamejiunga na msafara huko Unyanyembe mwaka 1872, mmoja wao akiitwa Jacob Wainwright. Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wasafiri wakabaki katika nchi ya watu, bila bwana, na masanduku yaliyojaa vitu vya mtu wa mbali.

Tutazame walivyofanya, maana ni somo la kufunga mzigo lisilo na mfano. Jambo la kwanza halikuwa kufunga. Walifungua masanduku mbele ya wote, na Jacob Wainwright, kwa kuwa alijua kuandika, akaandika orodha ya kila kilichokuwamo, ili pasitokee neno la lawama baadaye. Kisha moyo wa marehemu ukazikwa chini ya mti, na Jacob akasoma sala za maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa kwa jua muda wa siku 14. Miguu ikakunjwa ili mzigo upungue urefu. Ukazungushiwa kitambaa cha pamba, ukatiwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai, ukafungwa kwenye mti ili uchukuliwe na watu wawili.

Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa akija kumtafuta Livingstone. Akawashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia nchi, ijapokuwa wao walitaka kuvifikisha vyote kama walivyovikuta. Huko mbele wakasikia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite katika nchi yao. Wakafunga upya. Gome likatupwa, mwili ukafungwa mfupi mithili ya mtumba wa nguo za biashara. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayavika nguo kwa umbo la maiti, wakayarudisha nyuma kwa heshima zote kana kwamba wanakwenda kuyazika Unyanyembe. Waliochukua mabua hayo waliyatupa porini usiku, wakawafuata wenzao. Mwezi Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo.

Msomaji atauliza: haya yanamhusu nini kijana wa Mununga mwenye ndoo na blanketi? Yanamhusu sana. Katika mzigo ule mzito, kitu chepesi kuliko vyote kilikuwa ile karatasi ya Jacob. Wachukuzi hodari walikuwa wengi. Waliojua kufunga gome na kushona turubai walikuwapo. Lakini orodha ilihitaji mtu aliyekaa darasani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu aliyoipata Jacob ng'ambo haikuongeza hata ratili moja katika mzigo, nayo ndiyo iliyoulinda mzigo wote.

Na mambo yaliyofuata yatuonyesha upande wa pili wa methali hiyo. Jacob alipelekwa Uingereza pamoja na jeneza, akafika Southampton tarehe 15 Aprili 1874, akawa miongoni mwa walioshika kitambaa cha jeneza katika maziko ya Westminster Abbey tarehe 18. Chuma na Susi, walioongoza msafara wote, hawakuwapo. Walifika Uingereza baadaye mwaka huo huo, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu. Wakakaa na mchungaji Horace Waller, wakamweleza njia, majina na siku, naye akaandika. Kitabu kikatoka mwisho wa mwaka. Katika jalada lake Chuma na Susi wametajwa kuwa watumishi waaminifu waliotoa habari. Kalamu ilikuwa ya mwingine.

Jacob aliandika shajara yake mwenyewe. Mwaka 1874 shajara hiyo ilitolewa kwa Kijerumani katika jarida la jiografia la Petermann, na kwa miaka mingi waliotaka kumsikia Jacob walimsikia kwa lugha ambayo hakuiandika. Chuma aliendelea kuongoza misafara, akafa Unguja mwaka 1882. Susi alifariki huko huko mwaka 1891, na Jacob alifariki Urambo mwaka 1892. Chuma, aliyesoma Bombay, aliyeiona Mweru, aliyejua njia za nusu ya bara, hakutuachia kitabu cha safari zake kwa mkono wake. Tunapofundisha darasani tunalazimika kumsoma kupitia kwa Waller.

Wala tusiseme kwamba enzi ile haikuruhusu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa katika nchi ya Itawa, jirani ya Mweru, mwaka huo huo wa 1867, akapigana na Nsama. Uzeeni aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hatumsifu kwa vita vyake wala kwa biashara yake, ambayo ilijaza majonzi nchi nyingi. Twasema tu kwamba sauti yake imebaki kwa maneno yake. Naye Selim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, akaeleza kwa Kiswahili baridi, theluji na watu aliowaona; maelezo yake yamo katika mkusanyo wa safari za Waswahili alioutoa Carl Velten mwaka 1901. Mwenye bunduki ameacha maneno yake; mtoto aliyetolewa utumwani ameachiwa maneno ya mwingine. Hapo ndipo panapotuuma sisi walimu wa lugha.

Katika karne ya ishirini safari za masomo ziliongezeka. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda kusoma Edinburgh, akarudi mwaka 1952. Mwezi Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na wengine wengi wakafuata mwaka uliofuata. Vijana wa Kaskazini mwa Rhodesia nao walitafuta elimu mbali. Simon Kapwepwe, mzaliwa wa Chinsali, alisoma India katika miaka ya 1950 mwanzoni. Tukimtazama Nyerere twaona alivyofungua mzigo wake aliporudi. Shakespeare aliyesomwa shuleni kwa Kiingereza alimgeuza Kiswahili, *Julius Caezar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Huo nao ni mzigo uliopita mpakani bila kupimwa kwa mizani.

Sasa inatubidi tuseme habari zetu wenyewe, maana si vema mwalimu kuwahukumu wa kale na kujinyamazia. Tulipokwenda chuo cha ualimu tulikuwa na sanduku la bati lililojaa hata halikufungika. Marehemu baba alilikalia ili kufuli iingie. Tulitembea naye usiku kucha kwenda kituo cha basi, naye njia nzima alikuwa akitueleza: nani alianza kulima bonde lile, kwa nini ukoo wetu hauli nyama fulani, babu yake aliingiaje katika nchi ile akiwa mchukuzi aliyeachwa mgonjwa na msafara. Tulikuwa na daftari sita mpya ndani ya sanduku. Hatukufungua hata moja. Tulijiambia kwamba tutamwuliza tukirudi likizo. Likizo ya kwanza hatukuwa na nauli. Ya pili tulirudi kwa ajili ya matanga. Blanketi lile limekwisha kuchakaa, sanduku limeliwa na kutu, na jina la yule babu hatulijui mpaka leo.

Ndiyo sababu jibu letu kwa kijana wa Mununga halikuwa refu. Tulimwambia apunguze blanketi moja, kwa kuwa Dar es Salaam ni joto. Sufuria na ndoo atavipata sokoni kwa bei nafuu. Unga wa muhogo achukue kidogo tu, wa siku za kwanza, ili tumbo lisigutuke. Chisense achukue wote, ila awakaushe vizuri na kuwafunga mara mbili, maana harufu yake haina adabu ndani ya basi, na mgeni mwenye kitoweo hupata marafiki upesi. Vyeti avitie ndani ya mfuko wa nailoni, avivae kifuani, asivitenge na mwili wake mpaka afike.

Kisha tulimwomba kabla ya kufunga chochote anunue daftari moja, akae na bibi yake jioni tatu. Aandike majina ya wazee tangu anapoweza kukumbuka bibi. Aandike majina ya samaki, ya pepo za ziwa na ya nyavu, kama yasemwavyo kwao, na kando yake Kiswahili akikijua. Amwulize ni nani waliopita ufuko ule zamani na mizigo, na wenyeji waliwaita jina gani. Asiandike kwa ajili ya mtihani. Aandike kama Jacob alivyoandika, masanduku yakiwa wazi na watu wote wakitazama.

Alituletea daftari hilo alipofika. Ndoo alikuwa nayo vile vile. Mama yake alikataa kumwacha aende bila ndoo, na mama hapingwi. Kurasa 19 zilikuwa zimejaa. Maneno mengine hatukuyaelewa, naye akatufasiria kwa subira, akatusahihisha matamshi, hata saa ile ikawa sisi ndio wanafunzi. Katika ukurasa wa mwisho aliandika kwamba bibi alicheka sana kuulizwa mambo hayo, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Nilidhani mnakwenda shule ili kuyasahau."

Ndugu walimu, neno la bibi huyo ni shtaka, na washtakiwa ni sisi. Wanafunzi wataendelea kuondoka, na ni vema waondoke. Chama chetu hutoa mashauri mengi kuhusu insha, sarufi na mitihani. Tunapendekeza liongezwe moja: kila mwalimu wa Kiswahili ambaye mwanafunzi wake anasafiri kwenda kusoma mbali, ampe daftari tupu mwezi mmoja kabla ya safari, na kumtuma kwa wazee wake kwanza. Mizani ya kiwanja cha ndege haitalitambua. Bei yake haizidi bei ya sabuni.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini arudipo atawakuta wangapi kati ya wale aliowaacha? Kijana wa Mununga ataporudi ufukoni kwao huenda bibi atakuwapo bado, nasi twamwombea iwe hivyo. Na ikiwa sivyo, kurasa 19 zimo sandukuni mwake.